Orodha ya Wageni

Itangazwe kote Kakamega: Awinja wa kidato cha tatu amejiumbia mama! Basi, kwenye kompyuta tu. Alichoka kuchekwa kwa kutotembelewa, akaiandikia orodha ya shule ya wageni wa Jumapili amri ya mstari mmoja: palipo na "Hakuna" kando ya jina la mwanafunzi pawe "Mama anakuja".

Jumapili alimkuta msichana wa kidato cha kwanza langoni, soksi zake nyeupe zikiwa bado mbichi.

"Unangoja nani, wewe?"

"Si ni mama! Alituacha nikiwa mdogo. Kumbe amenikumbuka, dada; orodha inasema anakuja."

Nyuma yake walisimama wengine kumi na wawili, wamechana nywele. Amri haikuchagua jina. Ilibadilisha kila "Hakuna".

Awinja alimwendea mwalimu wa zamu.

"Mwalimu, orodha niliichezea mimi."