Popo na Mbio za Vijiti

Cherehani ilinyamaza ghafla, na Popo akaganda pale pale, mguu mmoja juu ya sinki la jikoni, mwingine umeshavuka dirisha. Akasikiliza. Kwenye chumba cha mbele mama yake alikuwa akipapasa mezani, labda ametupa mkasi mahali. Alikuwa fundi nguo hodari, lakini akishona pua hukaribia kugusa sindano, na mkasi ukimtoka mkononi hiyo ni kazi nyingine. Kisha cherehani ikaanza kulia tena.

Leo ni leo, Popo alijiambia.

Jina hilo alibandikwa na watoto wa mtaani, kwa sababu hakuonekana nje mpaka giza lianze kuingia. Mchana mapazia ya nyumba yao yalishushwa mawili mawili, mlango ukafungwa, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa mama. Shuleni alikwenda alfajiri na kurudi chini ya mwavuli. Wenzake wakitoka mapumziko, yeye alibaki darasani akiwatambua kwa kelele zao. Jamani, hata mfungwa hutolewa nje anyooshe miguu!

Halafu jioni moja mwalimu wa michezo akamwona akikimbia kwenda dukani. Akashika kichwa. Tangu siku hiyo akamfundisha kila magharibi, na kwenye mbio za kupokezana vijiti akampa nafasi ya mwisho, ile ya kumaliza kazi. Popo hakuwa amewahi kutakiwa na mtu yeyote kwa jambo lolote la mchana. Alitaka mbio zile kuliko chakula.

"Jumamosi, saa sita mchana?" mama aliuliza alipoambiwa. "Juani?"

"Nitavaa kofia, mama."

"Ikipeperuka je? Sitaki kusikia habari hiyo tena."

Baba, ambaye ni fundi magari, alijaribu kumtetea. "Mwache mtoto akimbie, mke wangu. Huyu ni wangu pia, au umesahau?"

"Wewe jua hulijui," mama alimjibu. Baba akatazama mikono yake yenye grisi, akaenda kunawa.

Si kwamba mama alikuwa na roho mbaya, la. Aliogopa, na woga wake ulijaa nyumba nzima mpaka mtu ukakosa pa kupumulia. Kila asubuhi alimpaka Popo mafuta ya kukinga jua, shingoni, nyuma ya masikio, hata juu ya miguu. Kila jioni alimkagua kwa vidole, akitafuta kipele au doa jipya. Na Popo akilalamika, alimsimulia habari ile ile.

"Kuna mtoto mmoja nilimjua. Alikuwa akishinda juani na wenzake, hakuna mtu mzima aliyemwambia kitu. Akatokwa na kidonda sikioni. Wakasema kitapona chenyewe. Hakikupona. Wanamfikisha hospitali, wanaambiwa ni saratani ya ngozi. Wakamkata nusu ya sikio."

"Akafa?"

"Hakufa." Mama alikaza kilemba chake, akarudi kwenye cherehani.

Kwenye kliniki ya ngozi mambo yalikuwa hayo hayo. Daktari alimtazama Popo mara moja, akamtania kidogo, akamwambia akasubiri nje. Kisha alifunga mlango na kubaki na mama kwa muda mrefu, mrefu kweli. Popo alikaa kwenye benchi. Wananizungumzia mimi, aliwaza. Kuna kitu wananificha.

Ndiyo maana leo alipita dirishani. Kama kuna kitu wanamficha, basi akimbie kwanza, mengine yatafuata. Kwenye msumari kando ya mlango zilikuwa zimening'inia kofia mbili pana, yake ndogo na ya mama. Yake aliiacha makusudi.

Uwanja wa shule uliwaka. Popo hakuwa amejua kwamba mchana una rangi nyingi hivyo. Alisimama kwenye mstari wake mabega wazi, akacheka peke yake kama mwehu. Mwalimu alimtazama mara mbili, lakini kipenga kilikuwa kimeshalia.

Timu yake ilikuwa nyuma. Kijiti kilipomfikia, Popo alichomoka mbio za kufa mtu. Akampita wa kwanza. Akampita wa pili. Mbele amebaki msichana mmoja tu, na uwanja mzima unaimba, "Popo! Popo!"

Hapo ndipo aliposikia jina lake halisi.

Aligeuza kichwa. Mama yake alikuwa akikatiza katikati ya uwanja, anajikwaa, macho ameyafinya, kofia ya Popo ameishika mkononi. Ametoka alivyo, na gauni la ndani lisilo na mikono. Kilemba kilikuwa kimemdondoka njiani na hana habari. Watu wakaacha kuimba.

"Funika kichwa, mwanangu!" alilia. "Jua! Jua litakuua!"

Utepe ulikuwa hatua chache tu mbele. Popo aliutazama. Akamtazama mama yake. Akatupa kijiti, akaacha njia yake, akamkimbilia kwa kasi ambayo hakuitumia hata kwenye mashindano, akamnyang'anya kofia.

"Vaa wewe, mama! Vaa wewe!"

Na mikono ya Popo, myeusi tii kama ya baba yake, ikaivuta ile kofia ndogo mpaka ikafunika paji la uso la mama, ambalo ualbino ulilinyima kinga na jua lilikuwa limeshaanza kulibabua, ikafunika pia lile sikio lake la nusu.