Kitambaa cha Mama Chrispin

Fundi alinyanyua kompyuta mpakato mpya ya Mama Chrispin, akagusa kitambaa kilichokuwa chini yake. Kilikuwa cha moto kama kimetoka kupigwa pasi.

"Mama, hiki kinaziba matundu ya hewa. Ndiyo maana inaganda."

Kitambaa hicho Mama Chrispin alikifuma mwenyewe.

Wiki iliyopita, mbele ya wageni, alimwambia mke wa mwanawe kwamba ndiye aliyeiharibu kwa kuichezea. Binti hakubisha. Alimbeba mtoto mgongoni, akapiga goti kuaga, akarudi kwao Kitangari.

Mama Chrispin alipiga simu Kitangari. Alipokea mama mzazi wa binti, wala hakumpa nafasi ya kusema.

"Tumeshamkanya, Mama Chrispin. Jana alikiri kwamba aliiharibu. Anaomba umsamehe."