Chenga za Tangu Mwanzo

Usiangalie pembeni, tulikuona. Siku walipozima mitambo ya zamani ya kurushia matangazo wakatuambia televisheni za kichogo ni takataka, wewe ulikuwa wa kwanza kuitupa yako stoo. Inaonyesha chenga tu, ulisema.

Fundi cherehani mmoja naye alikuwa amefika mlangoni na ya mama yake, ameikumbatia kama gunia. Nje, mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa anapiga honi.

"Irudishe," mama yake akasema. "Ichomeke."

"Mama, utatazama nini? Chenga?"

"Binti yako kanisomea. Chembe chache kati ya hizo chenga ni masalia ya mwanga wa kwanza wa ulimwengu. Mwanga huo ulianza safari kabla dunia hii haijawa hata vumbi. Mgeni katoka huko kote, kafika chumbani kwangu, halafu wewe unamuuza kwa kilo?"

"Kabla hata ya jua?"

"Kabla ya jua, na kabla ya ubishi wako."

Fundi akacheka. Akairudisha mezani, akaichomeka. Kioo kikajaa chenga nyeupe, zikichemka kama uji. Aliposogeza mkono karibu na kioo, vinyweleo vyake vikasimama vyote, taratibu, kama vimeitwa.

Honi ikalia tena. Fundi akaketi sakafuni, bega kwa bega na mama yake, kama zamani.

Na wewe, ndugu yangu, acha honi ilie. Kama yako bado iko stoo, inuka sasa hivi ukaichomeke.