Malkia wa Dirishani

Mwanamke mgeni mwenye viatu vyeupe aliingia dukani bila hata salamu. Aliyapita magodoro ya bei rahisi, akayapita ya bei ghali, akapiga magoti dirishani na kumshika kifundo cha mkono muuzaji aliyelala. Kisha akatazama saa yake.

"Usimwamshe!" Bosi alinong'ona kwa ile sauti yake iliyokwaruza tangu mwaka uanze. "Huyo ndiye tangazo."

Hakudanganya. Ulikuwa mwezi mzima sasa muuzaji wake akilala kazini. Siku ya kwanza Bosi alitaka kumfukuza, lakini watu walisimama kwenye kioo, wakacheka, wakaingia, wakanunua. Bosi akafyata mdomo, akamletea shuka jipya. Mtaa ukamwita Malkia. Na kweli alilala kimalkia: hakukoroma, hakutoa udenda, na saa ya chakula ikifika aliamka bila kuamshwa.

Aliyepata hasara ni Malkia mwenyewe. Mashangazi wa mchumba wake walipita siku moja saa nne asubuhi, wakamwona kajinyoosha mbele za watu. Tangu hapo habari za posa zikapoa.

"Huyu anaumwa," mgeni alisema. "Mimi ni muuguzi. Kuna tezi hapa shingoni. Ikilegea, homoni zinapungua, na mtu mzima na akili zake anachoka mwaka mzima. Analala usiku kucha, anaamka kama aliyebeba mawe. Anasikia baridi?"

Bosi alivuta sweta lake hadi kidevuni. Nje lami ilikuwa inayeyuka. "Sijamsikia akilalamika. Ila feni hii ina baridi kali, nimeizima."

"Anasahau vitu?"

"Sijui. Miye mwenyewe bei nimeanza kuziandika kiganjani. Biashara ina mambo mengi."

"Akiachwa hivi, moyo wake utaanza kusumbua. Mlete Jumanne apimwe damu."

Bosi alikaa kwenye godoro la karibu. Siku hizi alikaa kwenye kila godoro alilolifikia. Malkia akipona, dirisha litabaki na shuka tupu. Lakini binti huyu alikuja dukani akiwa hajui hata kufunga kamba ya mzigo. Amemlea kazini miaka sita.

"Malkia," alimgusa bega. "Amka, mama. Jumanne tunakwenda hospitali."

Malkia alifumbua jicho moja. "Siendi. Naogopa sindano."

"Mtu mzima hivyo?"

"Basi tangulia wewe, Bosi. Ukidungwa wewe, nami nadungwa. Niahidi mbele ya huyu mama."

Bosi aliificha mikono ndani ya sweta. Mkewe, ambaye dukani aliitwa Mama Bosi, alikuwa amemsihi mwaka mzima akapimwe, naye mwaka mzima alimjibu kwamba uchovu wake ni wa kazi na sindano ni za watoto. Ukweli ni kwamba akiiona sindano, anatafuta mlango.

"Nimeahidi," alisema, akitazama pembeni.

Jumanne walifunga duka. Ngazi za hospitali zilikuwa kumi na mbili tu. Bosi alipumzika mara tatu, akamlaumu aliyezijenga. Alikuwa amekunja mkono wa sweta, jasho la woga likimtoka, simu ilipoita. Alikuwa matroni wa shule ya bweni, mteja ambaye Bosi alimngoja tangu mwaka jana.

"Nimekuja kuchukua magodoro arobaini, nakuta kufuli! Unafungua au niende kwa jirani?"

Bosi alimtazama Malkia, aliyejikunyata kwenye kiti kama kifaranga. Akitoka yeye sasa, na huyu atatoka.

"Nenda kwa jirani, mama," alisema. "Nina ahadi." Akafumba macho, akanyoosha mkono.

Ijumaa walirudi kuchukua majibu. Daktari alianza na Malkia. "Wewe huna tatizo. Damu safi, tezi safi."

Bosi alitabasamu hadi masikioni. "Alhamdulillahi! Sasa huo usingizi wote—"

"Wewe ndiye mgonjwa, mzee. Tezi yako imelegea vibaya. Baridi, sauti, kusahau, huo uchovu, vyote vinatoka hapo. Lakini dawa ipo. Kidonge kimoja kila asubuhi kabla ya kula, na baada ya wiki sita tunapima tena. Utapanda ngazi ukipiga mluzi."

Bosi aliigusa shingo yake. Alipochukua dawa zake na kutoka, Malkia hakuwepo kwenye benchi. Alimfuata kwenye korido, mkono ukutani, na karibu na kona akaisikia sauti yake ikizungumza kwenye simu, changamfu kama ya mtu aliyelala na kushiba.

"Amedungwa, Mama Bosi, na vidonge amepewa! Si nilikuahidi? Rafiki yako wa viatu vyeupe naye mpe shukrani, alicheza vizuri kuliko mimi... Posa? Waache mashangazi watafute mwingine. Ila usiniombe tena jambo kama hili. Mwezi mzima pale dirishani, jua usoni, watoto wanagonga kioo, sikupata hata lepe la usingizi!"