Zamu ya Kuulizwa

Tarehe 9 Julai 2071, Tabora iliamka na upepo mkavu wa baridi. Dakta Nyamizi alisali, kisha akaketi mezani bila wasiwasi. Sheria ilikuwa wazi: ukienda kuchunguza siasa za watu ugenini, nao watamtuma mwenzao akuchunguze nyumbani kwako. Nyamizi alikuwa amekaa Ufini mwaka mzima, akiwauliza wanakijiji nani huamua na nani hupuuzwa. Sasa Aune, binti wa kijiji kile, alikuwa mbele yake, kinasa sauti kando ya sahani ya chapati.

"Hapa nyumbani nani huamua?" Aune aliuliza.

"Sote," Nyamizi akajibu kwa kujiamini. "Tunakaa, tunajadiliana."

Mama mkwe wake, Bi Kalunde, akacheka hadi chai ikammwagikia. "Eti tunajadiliana! Mgeni, unalala chumba cha nani?"

"Cha wageni, mama."

"Ni changu hicho! Nilitoka kanisani nikakuta shuka mpya kitandani, nguo zangu zimehamia stoo."

Mume wa Nyamizi akainamia kikombe chake.

"Utafanya nini sasa?" Aune akamuuliza Nyamizi. Swali hilo Nyamizi mwenyewe ndiye aliyelitunga, kule Ufini.

Aliitazama taa nyekundu ya kinasa sauti. Kama ingekuwa imezimwa, je, angesimama? Hakujua. Alisimama.

"Mbele ya Mungu, mbele yenu, na mbele ya kijiji kitakachosikiliza: mama, leo unarudi chumbani kwako, na humu ndani hakuna litakaloamuliwa kabla hujaulizwa."