Mate ya Noonkishu

Injinia alitangaza kwamba kampuni na wenyeji sasa ni ndugu, na kwamba shule itajengwa kwa baraka zao. Noonkishu, aliyechaguliwa na ukoo wake kuitoa baraka hiyo, akatema mate kidogo kiganjani, kama wanavyobarikiwa maharusi kwao, akampa mkono.

Injinia aliupokea akitabasamu mbele ya kamera ya kampuni. Kamera iliposhushwa, akachomoa tishu, akafuta kidole kimoja kimoja, akaitupa kwenye shimo la msingi.

"Haya mama, tuanze kazi."

Noonkishu aliitazama tishu ile shimoni. Akavuta kohozi, akatema tena, safari hii chini, mbele ya viatu vya injinia.

Kamera ikainuliwa haraka. Injinia, akidhani ni baraka nyingine, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku nyuma yake sepetu za vibarua wa ukoo ule zikiwekwa chini, moja baada ya nyingine.