Damu ya Wifi

Msusi alimkokota wifi yake mpaka kwa daktari kwa jambo moja tu: damu iseme. Tangu kichwa cha wifi kianze kutoka viraka vitupu, wifi huyo alikuwa ameulisha mtaa mzima maneno kwamba dawa ya saluni ya msusi ndiyo iliyomnyonyoa, na sasa viti vya saluni vilikaliwa na vumbi.

Daktari alisoma majibu. "Ni kinga ya mwili wako mwenyewe inayoshambulia mizizi ya nywele. Na viashiria kwenye damu viko juu sana, maana yake ugonjwa ni mkali. Hata nyusi zinaweza kwenda."

"Umesikia?" alisema msusi. "Mwili wako mwenyewe! Kesho utapita mlango kwa mlango ukaseme hivyo, kwa mdomo uleule."

Kope moja ilikuwa imemdondokea wifi shavuni. Kwa mazoea ya kazi, kidole cha msusi kilinyanyuka kuipangusa, kisha akakirudisha mapajani. Na ikae hapohapo.

"Daktari," wifi aliuliza taratibu, "hiyo damu inaonyesha kilichoichokoza kinga?"

"Hapana, mama. Inapima ukali tu. Chanzo haikitaji."

"Mwambie basi si dawa yangu!" msusi aliruka.

Daktari alifumbua mdomo, lakini wifi alikwishasimama, anakaza kitambaa kichwani, uso umemchanua kama bibi harusi. Akatoka na simu sikioni.

"Damu imepimwa, shoga," sauti yake ilisikika kabla mlango haujajifunga. "Wala haijakataa!"